Bi Mwalimu na Faili Zenye Kwao

Kuna watu huogopa nyoka, na kuna wanaoogopa makaburi. Bi Mwalimu aliogopa folda iitwayo "mengineyo". Ukimwonyesha kazi yako akaiona folda hiyo, basi kilichobaki hakisomi. Atavua miwani, ataipangusa kwa ncha ya mtandio, kisha atakuuliza kwa upole ule wa kumtoa mtu jasho: "Kadzo mwanangu, hizi zilizomo humu hazina kwao?" Sasa utajibu nini? Ukisema zina kwao, utaambiwa uzirudishe. Ukisema hazina, utaambiwa uzifute. Kwake yeye faili isiyo na kwao haikustahili kuzaliwa, na hilo alilisema mbele ya wateja, mbele ya bosi, na siku moja mbele ya muuza maji aliyepanda tu kuchukua mitungi yake mitupu.

Tulimwita Bi Mwalimu kwa sababu alifundisha hisabati miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye kompyuta, na pia kwa sababu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwita jina lake. Ofisi yetu ilikuwa Malindi, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Tulikuwa wachache: bosi, yeye, mwenzangu Kazungu, na mimi niliyetoka Junju na cheti changu kipya nikijiona nimefika. Loo! Wiki ya kwanza haikuisha kabla sijajua kwamba sijafika popote.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza tovuti. Tulitumia mfumo ule unaomwezesha mwenye hoteli au mwalimu mkuu kuandika habari zake na kupandisha picha zake bila kujua programu. Lakini mteja akitaka tovuti yake ifanye jambo la ziada, mathalani zahanati itoe miadi kwa wagonjwa, hapo ndipo tulipoingia sisi. Tuliandika moduli, yaani chumba cha kuongezea kwenye nyumba ambayo tayari imejengwa. Moduli moja ni faili nyingi, na faili hizo lazima zikae mahali. Wapi? Hapo ndipo Bi Mwalimu alipokuwa na maneno.

Kuna jambo nalisema mapema, maana bila hilo hutamwelewa mama huyu. Macho yake yalikuwa yanakwisha. Ilikuwa presha ya macho, na daktari alimweleza wazi kwamba matone yangechelewesha upofu tu. Alitupa habari hiyo tukinywa chai, kwa sauti ile ile aliyoombea sukari. Kazungu aliweka kikombe chini, mimi nikaanza maneno ya pole, akatukatiza. "Kuona kukiisha, kuishe. Kazi ndiyo nisiyotaka iishe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, au vipi?" Hakutaka kitu kingine miaka ile. Alitaka siku asipoona chochote aamke, apande zile ngazi, akae kitini pake, afanye kazi yake. Basi ule upangaji wake wa faili, ambao Kazungu aliuita wazimu wa utu uzima, ulikuwa maandalizi.

Alipanga hivi. Kila moduli ilikuwa na folda tatu, na alizipa majina ya nyumbani: baraza, jiko na ghala. Barazani kilikaa kila kinachoonekana na mtu anayefungua tovuti: maandishi, vitufe, rangi. Jikoni ndiko hesabu zilikofanywa na maamuzi yalikopikwa. Ghalani ndiko data ilikohifadhiwa. Mbele ya yote iliwekwa faili moja tu ya mlango. Moduli nyingine ikitaka kitu, ipige hodi pale, isiruke dirishani. "Mgeni huona sinia," alipenda kusema, "haoni moshi." Ukiweka hesabu barazani, hata kamstari kamoja, alijua. Sijui alijuaje. Alikuwa akisogeza uso mpaka pua inakaribia kugusa skrini, anasoma neno kwa neno, halafu anaguna. Mguno ule ukiusikia, jua siku yako imeharibika.

Usidhani lakini kwamba alikuwa nadhifu. Astaghfirullah! Mkoba wake ulikuwa balaa. Ndani mlikuwa na matone ya macho, risiti za zamani, nusu ya mkate wa mofa, funguo asizojua ni za wapi, na betri ya simu iliyokwisha kufa. Alipotafuta kitu aliumwaga wote mezani, kisha akaurudisha wote bila kutupa hata risiti. Nilimuuliza siku moja mbona mkoba wake mzima ni mengineyo. Alinitazama, akacheka mpaka akashika kiuno. "Mkoba naubeba mimi peke yangu," akasema. "Nikipotea humo, nimepotea peke yangu. Lakini faili ni za watu."

Alishikilia tuandike maelezo ndani ya programu zetu kwa Kiswahili kilichonyooka, mtu yeyote asome aelewe. Maelezo yake yeye mwenyewe yalikuwa vifupisho visivyosomeka na mwanadamu. Ukimuuliza, anasema hayo si maelezo, ni kunong'ona. Na kukubali kosa? Hilo alikuwa hana. Akigundua kakosea, alisema, "Kompyuta imenielewa vibaya," kisha anasahihisha kimya kimya huku akikohoa.

Kisa cha mwezi ndicho kilichomnyamazisha Kazungu. Tulikuwa na wateja watatu wenye shughuli za Ramadhani: redio moja ya mjini, madrasa, na hoteli iliyouza futari. Kila mmoja alitaka tovuti yake ionyeshe siku ya kuanza mfungo na ratiba inayofuata. Kazungu, kijana wa kanisani asiye na neno na mtu, alitazama kalenda ya ukutani, akakuta tarehe imeandikwa, akaichukua akaipachika barazani kwa kila mteja, mahali pengi pengi, maana kila ukurasa ulikuwa na pake. Akamaliza mapema, akajisifu.

Magharibi ikafika, watu wakatazama juu, na mwezi haukuonekana. Ikatangazwa kwamba kesho si mfungo. Simu zikaanza. Mtu wa hoteli alikuwa anafoka, "Tovuti yangu yasema mfungo ni kesho, wageni washalipia futari, niwaambie nini?" Wa madrasa naye hakufoka, lakini alisema "ndugu yangu" kwa namna inayouma zaidi. Kazungu aliinama kwenye kompyuta, akawa anaisaka tarehe ile faili baada ya faili. Akirekebisha huku, inajitokeza kule.

Bi Mwalimu alikuwa bado yupo, anasubiri bodaboda wake. Akavuta kiti. "Kazungu, mwezi umeuona wapi?"

"Kwenye kalenda, Bi Mwalimu."

"Na kalenda ina macho?"

Nilicheka nikajificha nyuma ya skrini yangu. Kazungu mwenyewe akacheka, maana afanyeje. Bi Mwalimu hakumgombeza. Alimwambia afute tarehe zote, kisha atengeneze faili moja ghalani, aiite "mwezi", na ndani yake iwe na swali moja: umeonekana au haujaonekana? Mtu wa redio, ambaye ndiye hupata habari kwanza, akishajibu, ratiba zote zingine zije kuuliza hapo. Kazungu aliandika huku Bi Mwalimu ameketi kando yake anamtajia kila faili ikae wapi. Tangu hapo sikumbuki mteja aliyefungulishwa saumu au kufungishwa na sisi kwa makosa. Kazungu akawa anawaambia watu mjini kwamba ofisini kwetu kuna mama ameuweka mwezi ghalani.

Macho yalipozidi kupungua, Bi Mwalimu aliweka programu ya kusoma skrini kwa sauti. Ilikuwa sauti ya kiume, ya kizungu, inayosoma Kiswahili kama mtalii wa siku ya kwanza. Alimwita "mzungu wangu". Alivaa kisikizio sikio moja, lile jingine akatuachia sisi, na ole wako usengenye ukidhani hasikii. "Mzungu wangu leo ana haraka," atasema, anampunguza mwendo. Au, "Subirini, mzungu anasoma." Alijifunza kwenda kwa vidole na masikio. Alijua kutoka mlangoni hadi kwenye faili ya miadi ya zahanati ni kushuka mara ngapi na kuingia wapi, na alikwenda upesi kuliko mimi mwenye macho yangu mawili mazima.

Ndiyo maana siku Kazungu aliposogeza faili, tulikiona cha mtema kuni. Hakuwa na nia mbaya. Aliona faili mbili zinafanana, akahamishia moja folda ya pili ili mambo yakae vizuri, akasahau kusema. Bi Mwalimu alikuja asubuhi, akashuka, akaingia, akakuta hakuna. Akarudi mlangoni, akashuka tena. Hakuna. Hakutuuliza. Asubuhi nzima alibonyeza tu, na sisi tukadhani anafanya kazi. Nilipompelekea chai nikaona mashavu yamelowa.

"Nani ameingia nyumbani kwangu akasogeza kitu?" alisema, na sauti haikuwa yake. Kazungu akasimama, akakiri, akaomba radhi. Bi Mwalimu alimtolea maneno, jamani, maneno ambayo sitayaandika hapa. Alimwita mwizi na mengine. Kazungu akachukua kofia yake akaenda zake. Kesho yake Bi Mwalimu alikuja na mahamri na mbaazi sufuria nzima, akaiweka mezani kwa Kazungu bila kusema neno. Kazungu alikula mahamri yote, hata langu. Mambo yakaisha hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimeona hofu yake uso kwa uso, na tangu siku ile sikuwahi tena kuwaza kwamba upangaji wake ni ukaidi.

Msaada wa mwili hakuutaka. Mara moja tu nilimshika mkono ngazini. Alisimama, akauondoa mkono wangu taratibu, kidole kwa kidole. "Kadzo, waniona mimi mzigo?" Kuanzia hapo nilitembea mbele yake nikipiga kelele na viatu, yeye akafuata sauti. Hilo alilikubali, kwa sharti kwamba hatulizungumzi.

Kisha wale wanaoutengeneza mfumo wenyewe, huko waliko, wakatoa toleo jipya. Toleo hilo lilidai kila moduli ipangwe upya kabisa. Folda ziitwe majina mengine, faili nyingine zipande, nyingine zishuke, na ule mlango mmoja uhamie pengine. Usipofuata, mfumo hauitambui moduli yako, na tovuti ya mteja inafunguka nusu. Hapakuwa na wa kulaumiwa wala wa kubembelezwa. Bosi alituita akatusomea masharti. Bi Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, "Yote?" Bosi akajibu, "Yote, Bi Mwalimu." Akaitikia kwa kichwa. Siku iliyofuata aliomba likizo, akaenda kwa dada yake Takaungu.

Likizo ikawa ndefu. Kazungu na mimi tulianza kuhamisha faili, baraza ikafa, jiko likafa, ghala likafa, na kila folda niliyoifuta ilinichoma roho. Bosi naye alikuwa hana raha. Si mtu mbaya, na sisemi hivi kwa kumwogopa, maana sasa mimi nafanya kazi Mtwapa na mshahara wangu hautoki kwake. Aliniita akafunga mlango. "Wewe mnapendana naye," akasema. "Nenda ukamweleze kwa uzuri. Amefanya kazi kubwa, tutamfanyia hafla yake, apumzike. Nyumba nzima imehamishwa, Kadzo. Nani atamfundisha upya gizani?" Nilitaka kubisha, lakini nilikuwa nimejiuliza swali hilo hilo usiku kucha. Nikaenda.

Nilimkuta sebuleni kwa dada yake, kompyuta iko juu ya stuli, yeye yuko chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Miwani hakuvaa. Niliposema hodi tu akaitikia, "Karibu Kadzo, viatu vyako vile vile vya makelele."

"Shikamoo, Bi Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Sikuoni, naona mwanga wa mlango tu na kiwingu kilichosimama. Njoo ukae, na usiseme lolote kwanza. Ulichokuja nacho kitangoja."

Nilikaa. Akatoa kisikizio ili na mimi nimsikie mzungu wake. Akafungua nakala yake ya moduli ya zahanati. Sauti ikaanza kusoma majina ya folda, na nikashtuka, kwa sababu hayakuwa yale ya zamani. Yalikuwa mapya, yale yale yaliyodaiwa na toleo. Alikuwa ameipanga upya moduli nzima yeye mwenyewe, hapo mkekani, kwa sikio.

"Ngoja uone ninavyokwenda," akasema. Akashuka, akaingia, akashuka tena. Vidole vilikuwa vinakwenda vizuri. Kisha vikasimama. Alikuwa anaitafuta faili ya ukurasa wa miadi na hakuikuta. Akapanda, akashuka. Mzungu akarudia majina yale yale. Akaingia folda nyingine, akatoka. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Mimi niliiona ile faili, ilikuwa hapo hapo, folda ya pili kutoka chini, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kibodi.

Akaupiga kofi. "Toa mkono!"

Nikautoa. Akapumua. "Nimepotea," akasema, na katika miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kulisikia neno hilo mdomoni mwake, isipokuwa lile la mkoba. Nilitaka kulia. Dada yake alichungulia kutoka jikoni, akatuona, akarudi.

Bi Mwalimu alifunga folda zote. Akarudi mpaka mwanzo kabisa, akakaa hapo kidogo, midomo inatamka polepole kama mtu anayehesabu uradi. Kisha akaanza upya. Alikwenda taratibu sana safari hii, akisimama kila mahali, na aliipata. Akaifungua, akaipeleka kwenye tovuti ya majaribio, na mzungu akasoma kwa lafudhi yake mbovu: "Chagua siku ya kuja zahanati." Bi Mwalimu akaiweka mikono mapajani.

"Siendi upesi kama zamani," akasema. "Hilo lijue. Na hii ni moja tu, zilizobaki sijazigusa. Lakini kupotea nikarudi, nimeweza. Umeona?"

"Nimeona, Bi Mwalimu."

"Mbona unalia sasa? Sijafa."

Nikajipangusa kwa leso yangu. Akaniachia nimalize. Halafu akageuza uso upande wangu, akauliza kwa ule upole wake wa kumtoa mtu jasho, "Haya. Bosi amekutuma nini?"

Njia nzima kutoka Malindi nilikuwa nimeyapanga yale maneno. Hafla, heshima, mapumziko. Yote yalikuwapo, kila moja mahali pake. Nikamwambia, "Amenituma nikuulize utarudi lini."

Tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo. "Muongo wewe," akasema. "Haya, mwambie Jumatatu."

Nilipofika barabarani nikampigia bosi kabla moyo haujabadilika.

"Umemweleza?" akauliza.

"Tumezungumza."

"Akasemaje?"

"Anakuja Jumatatu."

Nikasikia feni ya ofisini ikizunguka. Sikujua kama nimepoteza kazi yangu au la. Hatimaye bosi akashusha pumzi. "Sasa akija, tumweke meza ipi?"

"Ile ile, bosi," nikasema. "Na tafadhali, mtu asiisogeze."